Kaimu Mlemavu wa Wilaya

Nchi yetu ni nzuri na mimi naipenda. Naanza na hilo ili mtu asije akasema baadaye kwamba nilikuwa na nia mbaya. Jina lake silitaji kwa sababu wiki hii linafanyiwa marekebisho wizarani, na kwa sasa tunatumia jina la kukaimu.

Kukaimu ndiyo fahari yetu. Nchi nyingine nafasi ikiwa wazi huachwa wazi mpaka apatikane anayefaa. Sisi tuna kifungu cha kwanza kabisa cha katiba, kinachosema hakuna kiti cha umma kitakacholala bila mtu. Mganga mkuu akihama, jioni hiyohiyo anakaimu mwingine, awe mganga au awe fundi bomba. Hakimu wetu wa wilaya ni kaimu, alitokea idara ya misitu, na kila anayemtia hatiani humpa adhabu ya kupanda miti, hata mume anayedai talaka. Rais wetu yuko mwaka wa ishirini na sita wa kukaimu, tangu mwenyewe alipokwenda nje kutazamwa jino. Mimi ninayeshika kipaza sauti kwenye shughuli zote za wilaya ni Kaimu Mshereheshaji. Mshereheshaji mwenyewe sijawahi kumwona, lakini nasikia anaendelea vizuri.

Wilaya yetu ina Kamati ya Watu Wenye Ulemavu. Wajumbe wake ni kumi na wawili. Kumi na mmoja ni maofisa, ambao hukutana kujadili ulemavu. Wa kumi na mbili ni mlemavu, ambaye huitwa ili kikao kiwe kimemwona. Kwa miaka mingi kiti hicho alikikalia Mzee Songoro, mwalimu mstaafu asiyeona, mtu mwenye tabia mbaya ya kuuliza maswali. Aliuliza kwa nini vitabu vya nukta nundu vilivyofika wilayani vimefungiwa stoo. Akajibiwa kwamba vimefungiwa ili visichakae. Aliuliza hivyohivyo kila kikao kwa miaka tisa, mpaka malaria ilipotusaidia.

Tulimzika saa saba mchana. Saa tisa nafasi yake ilikuwa na mtu.

Ilikuwa hivi. Katibu wa Wilaya alitoka makaburini akakumbuka kifungu cha kwanza, akaingia kwenye korido ya ofisi akitafuta mtu. Aliyekuwa akipita ni Bwana Lukindo wa Idara ya Mifugo, amebeba ndoo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Katibu akamuuliza kama ana kazi nyingi. Lukindo akasema si nyingi sana, kupe wamepungua. Akaandikiwa barua palepale, ukutani, yenye mhuri na saini: kuanzia leo umeteuliwa kukaimu nafasi ya Mlemavu wa Wilaya, pamoja na majukumu yote yatokanayo.

Sitaki mtu adhani Lukindo ni mtu mbaya. Ningefurahi sana angekuwa mbaya. Angekuwa mbaya ningemchukia nikalala vizuri. Lukindo ni mpole, hunywa chai bila sukari, huwasalimia wafagiaji kwa majina, na kazi aliyopewa aliifanya kwa moyo wote. Alibandika ratiba mlangoni. Jumatatu alikuwa asiyeona, Jumanne alichechemea, Jumatano alikuwa kiziwi, na siku hiyo hukupata huduma hata ukipiga meza ngumi. Alhamisi ilikuwa ya ulemavu usioonekana, hivyo naye hakuonekana ofisini. Ijumaa alifanya yote, nusu siku. Alisema lengo ni kila kundi lijione limewakilishwa.

Miaka kumi na moja ikapita hivyo, na hakuna aliyelalamika, maana malalamiko ya walemavu yalipelekwa kwake.

*

Sasa nimlete Kidawa.

Kidawa binti Shoka ni fundi wa redio na simu. Polio ilimchukua miguu akiwa na miaka mitatu. Ana meza yake sokoni, meza namba arobaini, na amekaa hapo miaka kumi na saba. Redio ya babu yako iliyonyamaza tangu uhuru, yeye huifungua, huitazama kidogo, huguna, na kabla hujamaliza kumweleza ilianza vipi, inaimba. Sokoni alikuwa akifika kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, aliyoirithi kwa marehemu mjomba wake. Ilikuwa imechomelewa mahali tisa. Mwezi wa sita ikavunjika mahali pa kumi, na fundi wa kuchomelea akasema chuma chenyewe kimekwisha, hakuna cha kushikia.

Kutoka kwake hadi sokoni ni kilomita nne. Na sokoni kwetu kuna sheria. Kila siku saa kumi jioni Mkuu wa Soko, Bi Nyamizi, hupita na daftari akiita jina la kila mwenye meza. Asiyeitika siku thelathini mfululizo, meza yake hupewa mtu mwingine. Bi Nyamizi haulizi ulikuwa wapi. Anataka neno "nipo" na anataka kuuona uso uliolitoa.

Mtu atasema, si angepanda bodaboda? Si angesukumwa na mkokoteni? Hata mimi nilisema hivyo, nikajibiwa. Mwezi huo wilaya ilikuwa ikiandaa Siku ya Watu Wenye Ulemavu. Mgeni rasmi alikuwa apite barabara ileile ya sokoni, kwa hiyo ilichongwa, ikamwagiwa kifusi chekundu, ikafungwa. Hakuna gurudumu lililoruhusiwa kuikanyaga kabla ya magurudumu yake. Na mikokoteni yote ya mji ilikuwa imechukuliwa kubeba viti, maturubai na vyungu vya maua kwa ajili ya sherehe. Yaani maandalizi ya siku yake ndiyo yaliyomfungia Kidawa ndani. Siku ya tatu alijaribu kwenda kwa mikono, ndala amezivaa viganjani kama anavyofanya siku zote anapotambaa. Alifika nusu ya njia, ndala zikatoboka, viganja vikachubuka, akarudishwa na wanawake waliokuwa wakitoka kisimani.

Chombo kimoja tu kilikuwa na kibali cha kupita barabara ile: baiskeli mpya ya magurudumu matatu, ya bluu, yenye kengele na kikapu, iliyotumwa na nchi moja ya baridi kwa ajili ya mlemavu wa wilaya yetu. Nadhani mnajua ilikuwa kwa nani.

Ofisi za wilaya ziko jirani na kwa Kidawa, basi alikwenda. Ilikuwa Jumanne, Lukindo alikuwa akichechemea. Alimkaribisha, akamletea maji mwenyewe, akamsikiliza mpaka mwisho na machozi yakamlengalenga. Kisha akamweleza kwamba baiskeli si yake yeye Lukindo. Ingekuwa yake angempa sasa hivi. Ni mali ya ofisi, na ofisi ni mali ya nafasi, na aliyepo kwenye nafasi ndiye pekee anayeruhusiwa kuikalia.

"Na nafasi yenyewe ni ya nani?" Kidawa akauliza.

"Ya mlemavu," akasema Lukindo.

"Mimi ni nani, Bwana Lukindo?"

Lukindo alifikiri sana. Halafu akasema kwa upole kwamba yeye ni mwananchi, na wananchi wana dirisha lao, dirisha namba mbili, ila mhudumu wake amekwenda kwenye kikao cha maandalizi ya sherehe.

*

Dirisha namba mbili lilimpeleka namba tano, namba tano likamrudisha namba mbili. Alizungushwa siku tisa. Mwishowe Katibu wa Wilaya akasikia habari zake na akafurahi. Alisema suala hili lina njia yake halali: nafasi itangazwe, wenye sifa waombe, wasailiwe kwa haki. Siku ya kumi na tisa tangu Kidawa akose kuitika sokoni, usaili ukafanyika. Nilikuwepo, maana kwetu hakuna kikao kisicho na mshereheshaji.

Waombaji walikuwa wawili.

Aliingia kwanza Bwana Lukindo. Alileta barua ya uteuzi, barua za pongezi kutoka wilaya sita, vyeti vya semina kumi na nne kuhusu ulemavu, na picha akiwa kwenye kongamano la kimataifa amevaa miwani myeusi. Uzoefu kazini: miaka kumi na moja mfululizo, bila onyo. Jopo likatikisa vichwa kwa kuridhika.

Akaingia Kidawa, amesogea sakafuni mpaka mbele ya meza. Waliokaa mezani hawakumwona, ikabidi mwenyekiti wa jopo anyanyuke kidogo ili amwone. Akamuuliza ana uzoefu gani katika ulemavu.

"Miaka thelathini na moja," akasema Kidawa.

Jopo likatazamana. Mwenyekiti akamwomba barua ya uteuzi. Kidawa akasema hakuteuliwa. Akaombwa cheti cha semina yoyote. Hana. Akaulizwa nani alikuwa msimamizi wake kwa miaka yote hiyo, anayeweza kuthibitisha kwa maandishi kwamba kazi hiyo aliifanya. Hapo Kidawa akacheka, na nadhani kicheko kile kilimpunguzia alama. Mwenyekiti akamweleza, kwa lugha ya mzazi, kwamba hakuna anayemdharau, lakini serikali haiwezi kwenda kwa maneno matupu ya mtu. Kila mtu angeweza kuingia humu akakaa chini akasema ana miaka thelathini na moja.

Naomba radhi. Nilikusudia kueleza kwa heshima na nitaeleza kwa heshima. Lakini nilikuwa na kipaza sauti mkononi siku ile, kimewashwa, na nilichokisema ndani yake ni "tumshukuru mwombaji wetu kwa makofi matatu ya kilo". Nimeyaandika hayo ili nisije nikayasahau.

Lukindo alipata tisini na nne. Kidawa alipata arobaini na moja. Jopo, kwa kuwa lina huruma, likamshauri asikate tamaa. Likapendekeza ajitolee miezi sita chini ya Bwana Lukindo, apate uzoefu, na aanze kwenye sherehe inayokuja.

Kidawa akakubali. Nilishangaa. Nilimfuata nje nikamuuliza kwa nini amekubali upuuzi ule, na nikatazama kwanza huku na huku kabla ya kutamka neno upuuzi.

"Kaka, sherehe itakuwa siku ya thelathini," akaniambia. "Uwanja uko karibu na soko. Wanaojitolea wanachukuliwa na lori. Mimi nataka lile lori tu."

*

Siku ya thelathini lori lilimchukua, nalo lilikuwa limepewa kibali cha barabara cha siku hiyo tu. Walimpakia kati ya maturubai na jukwaa la kukunja, wakamfunga kwa kamba ileile ya maturubai ili asidondoke. Saa mbili asubuhi alikuwa uwanjani. Kazi aliyopewa ilikuwa kukaa mlangoni akipokea wageni, asitoke kabla ya hotuba kwisha, na kila mgeni alipigwa picha naye.

Nimesherehesha shughuli nyingi lakini ile ilifana. Kaulimbiu iliandikwa kwenye kitambaa cha mita kumi: ULEMAVU SI KUTOWEZA, INUKA TWENDE. Kulikuwa na mabanda ya huduma. Banda la wasioona liligawa vipeperushi vya nukta nundu, ambavyo, ili viwaenee watu wote, vilitolewa nakala kwenye mashine ya fotokopi, na wazee wawili walivipapasa muda mrefu kwa adabu kisha wakavirudisha. Banda la viziwi lilitoa ushauri kwa spika kubwa. Mkalimani wa lugha ya alama alikuwa kaimu, alitokea kikundi cha ngoma, na mikono yake ilikuwa mizuri ajabu. Viziwi walimtazama kwa makini kisha wakaulizana kwa mikono yao kama kuna arusi. Banda la usajili wa vifaa lilikuwa na orodha ndefu ya kuandika majina. Niliuliza orodha ya mwaka jana iko wapi, nikaambiwa ndiyo hiyohiyo, wameongeza kurasa.

Mbio za baiskeli za magurudumu matatu zilikuwa na mshindani mmoja. Lukindo alishinda. Alilia kidogo jukwaani akasema ushindi ule ni wa walemavu wote nchini.

Mgeni rasmi alitakiwa afike saa tatu. Alifika saa nane na nusu. Mpaka hapo walemavu walikuwa juani, maana turubai lilikuwa la meza kuu. Alizungumza saa moja na nusu. Alisema serikali imefungua barabara ya sokoni rasmi leo kwa kupita yeye, na kwamba serikali inawaona. Alitaja neno "kuwaona" mara ishirini na mbili, nilihesabu, huku amewapa mgongo akiongea na kamera.

Kidawa alikuwa akitazama saa ya mkononi ya mwanamke aliyekaa jirani naye. Saa tisa na dakika thelathini na tano alitambaa mpaka nilipokuwa nimesimama, akanivuta suruali. Kutoka uwanjani hadi meza namba arobaini ni mita mia tano. Aliniomba kitu kimoja. Nitangaze kwamba kuna mtu anahitaji kusogezwa sokoni mara moja, basi. Neno moja kwenye kipaza sauti.

Mgeni rasmi alikuwa bado anaongea. Itifaki haimruhusu mshereheshaji kumkatiza mgeni rasmi ila kwa moto au mvua. Nilitazama juu. Anga lilikuwa jeupe.

Nikamwambia Lukindo kwa kunong'ona. Na nawaambia tena, si mtu mbaya. Aliposikia kwamba fundi wa watu atapoteza meza ya miaka kumi na saba alishtuka kwelikweli. Akasema jambo hili haliwezi kungoja, akapanda baiskeli ya bluu palepale. Kidawa akanyoosha mikono apakiwe. Lukindo akamwonyesha bango la nyuma ya kiti, lililosema HAIRUHUSIWI KUBEBA MTU ASIYE WA OFISI, akasema asiwe na wasiwasi, yeye atatangulia.

Kidawa akavaa ndala mikononi akaanza.

Nilitembea kando yake. Sikumbeba. Aliniambia niache, nitamchelewesha, na mimi nikashika hilo kama mtu aliyepewa ruhusa. Mikono yake ilikwenda kasi, ndala zikipiga kifusi kipya chekundu, kipya kabisa, chenye kokoto kali zilizochaguliwa na wahandisi. Kengele ya Lukindo tuliisikia mbele, ikilia ili watu wampishe. Watu walimpisha. Walikuwa wakimpungia.

Tulipoingia sokoni Bi Nyamizi alikuwa ameshafika meza za thelathini na zaidi. Thelathini na saba akaitika. Thelathini na nane, thelathini na tisa. Tulikuwa nyuma ya wauza mitumba, hatua chache tu, na njia imezibwa na marobota.

"Kidawa binti Shoka," akaita Bi Nyamizi.

"Nipo," akasema Lukindo.

Alikuwa amekaa mezani pa Kidawa, amepumzisha mikono juu ya redio.

"Nipo," akasema Kidawa kutoka chini. Alikuwa amepita chini ya marobota. Sauti ilitoka ikiwa imekatika kwa pumzi, lakini ilisikika, kila mtu pale aliisikia.

Bi Nyamizi akatazama mezani, kisha akatazama chini. Yeye ni mwanamke wa haki, hakurukia uamuzi. Alisema meza moja haiwezi kuwa na Kidawa wawili. Akauliza nani kati yao ana maandishi. Lukindo akatoa barua yake ya kukaimu nafasi ya Mlemavu wa Wilaya pamoja na majukumu yote yatokanayo. Bi Nyamizi akaisoma mara mbili. Akauliza sokoni hapa walemavu wenye meza ni wangapi. Akajibiwa mmoja. Akasema basi jukumu liko wazi. Halafu akanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa na kitambulisho kifuani, akaniuliza kama mtumishi wa serikali: barua hii ni halali?

Barua ilikuwa halali. Mhuri nilikuwa naujua. Nilisema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa sauti safi, ile ninayoitumia jukwaani, na tangu siku hiyo sauti hiyo siipendi.

Bi Nyamizi akaweka alama ya vema mbele ya jina la Kidawa binti Shoka. Akampongeza Kidawa, yule wa chini, kwamba meza yake imeokoka. Haitapewa mtu mwingine kamwe, maana sasa ina mtu. Lukindo alifurahi mpaka akashuka kumshika mkono, kisha akakumbuka kifungu cha kwanza akarudi kukaa haraka.

Kidawa alivua ndala. Alizigonga moja kwa nyingine kutoa kokoto, na damu iliyokuwa kiganjani akaifuta kwa upindo wa kanga.

Mzee mmoja akaja na redio. Alisema inakoroma tangu juzi, na leo amesikia fundi amerudi. Lukindo akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, akaisogeza sikioni. Kisha akainama kutoka mezani, kwa unyenyekevu wake wote, akamuuliza Kidawa redio ya aina hii hufunguliwa kwa bisibisi gani.

Kidawa akazivaa tena ndala mikononi.

"Muulize Kidawa," akasema.